Kapu Lenye Ngazi Nyekundu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nakiri mapema, maana nikinyamaza Jailos atakusimulia, na Jailos akisimulia hunipunguzia akili mpaka ile ya kuvaa viatu. Viatu vyenyewe hatukuwa navyo. Mwaka hamsini na sita tulicheza pekupeku, na mwenye jozi aliitunza kwa ajili ya kanisani.

Lakini nianze na mwaka wenyewe. Ujinga wangu bila mwaka ule ni ujinga mkavu, hauna hata chumvi.

Shule yetu ilikaa kilimani nje ya Mbeya, mahali ambapo ukungu hulala uwanjani kama ng'ombe aliyeshiba: unamfukuza, anasogea hatua mbili, analala tena. Tulifanya mazoezi humo humo. Mpira ukipigwa juu ulipotea kabisa, nasi tukasimama wote, shingo zimeinuka, kimya, tukiusubiri urudi duniani. Uliporudi ulikuwa umelowa, mzito, unanukia ngozi na mvua, kama kitu kilichokwenda kukaa kwa watu wengine kikarudi na habari zao. Mimi nilikuwa kipa. Kazi yangu ilikuwa kusubiri vitu vitoke ukunguni. Nikazoea kusikia kabla ya kuona: nyayo za Jailos, nahodha wetu, zilipiga ardhi kama mchi, za Saulo, mfungaji, zilikuwa kama mtu anayetembea juu ya majani ya migomba. Timu za mabondeni zilipopanda kwetu ziliutafuta mpira kwa macho. Sisi tuliusikia.

Tulianza kushinda mwezi wa tatu, tukasahau kuacha. Tukashinda nyumbani, tukashinda Tukuyu kwenye mvua inayonyesha kwa ubavu, tukashinda kwenye uwanja mmoja wenye kichuguu katikati, ambacho Saulo alipiga nacho pasi. Sijui nikueleze vipi. Kulikuwa na asubuhi ambazo nilishuka kwenda kunawa nikaona nyasi zimeshika umande mweupe, moshi wa majikoni umenyooka juu bila kuyumba, na nikahisi kwamba hata nikijiangusha chini makusudi sitafika. Wenzangu nao walitembea hivyo hivyo. Tulikuwa vijana kumi na mmoja tulioazimwa miguu na mtu fulani, na mtu huyo hakuwa na haraka ya kuidai.

Mwalimu Filemoni, aliyetufundisha hesabu na mpira, alitukataza kulitamka jambo lenyewe. "Hatujashindwa" lilikuwa neno la viboko. Kwa hiyo tuliliita "ile habari."

"Ile habari bado ipo?" mpishi wa shule aliuliza kila Jumamosi tukirudi.

"Ipo, mama."

"Basi ongezeni maharage."

Hadi mwezi wa saba ile habari ilikuwa na mechi kumi, zote za ushindi, na imebaki moja: ya Iringa, kwao.

Hapo sasa ndipo na mimi nilipokuwa na habari yangu ya pili.

Mimi Tadeo ni Mhehe, mzaliwa wa jirani na Tosamaganga. Mbeya nilimfuata mjomba wangu Edmund, aliyekuwa fundi wa malori ya barabara. Na usidhani tulikuwa watoto; enzi zile nusu ya darasa walinyoa ndevu, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Likizo ya Pasaka mjomba alinipelekea posa kwa kina Rozalia, ikapokelewa. Toka siku hiyo mama yake Rozalia akawa mkwe wangu, na kwetu mkwe hatazamwi usoni. Ukimwona anakuja njiani, unaingia majanini, unampa mgongo mpaka apite. Yeye naye akikuona kwanza, anafanya hivyo hivyo. Ni hivyo mpaka harusi ipite na vitu vya kumtoa aibu vitolewe. Padre alishalihubiri jambo hilo, watu wakaitikia amina, wakatoka kanisani wakaendelea kujificha majanini.

Wiki haikuisha nikaharibu. Tulikuwa tunatoka mtoni na vijana wenzangu, mimi nawachekesha kwa kuigiza katekista anavyorudi kinyumenyume akifukuza mbuzi kanisani. Nikarudi kinyumenyume, nikarudi, nikarudi, nikagonga mtu. Ulezi ukamwagika mgongoni kwangu hadi visiginoni. Nilipogeuka niliona miguu miwili tu, na kapu la nyasi za milulu limelala ubavu, limesukwa michoro myekundu inayopanda ngazi ngazi hadi mdomoni. Wenzangu walishatokomea. Nikajua nimemgonga nani: mkwe wangu. Nilikimbia huku ulezi ukinidondoka kama kuku aliyekoswa na mwewe.

Faini ilikuwa jogoo. Aliipokea Timotheo, baba yake mdogo Rozalia, maana baba mzazi alishafariki. Timotheo alikuwa na kifua kama ngoma, na alisema maneno yake yote kama anayatangaza kwenye mnada.

"Mara ya kwanza ni jogoo," alisema. "Mara ya pili unaibeba posa yako mgongoni, unarudi nayo Mbeya. Nyumba hii haiozeshi mtu asiye na haya."

Rozalia aliniandikia barua shuleni, fupi kama yeye mwenyewe: "Tadeo, tembea ukitazama unakokwenda. Sitaki kuposwa mara ya pili na mtu mwingine. Kukaa jikoni nikisikiliza wazee wakikohoa nilishachoka."

Barua hiyo niliikunja mara nane, nikaiweka ndani ya kofia yangu ya golini. Kwa hiyo safari ya Iringa nilikwenda nimebeba vitu viwili kichwani, ile habari na ile barua, na vyote havikutakiwa kuanguka.

Tuliondoka alfajiri kwa lori. Kuteremka kutoka baridi ya Mbeya kwenda bonde la Usangu ni kama kuingia usingizini: masweta yanavuliwa moja moja, maneno yanapungua, upepo unakuwa wa vuguvugu. Mpunga ulishavunwa. Upande wa Rujewa na Ubaruku mabua yalikuwa ya dhahabu hadi mwisho wa macho, na ng'ombe walisimama ndani ya mwanga wakiwa hawana miguu, wanaelea. Kwenye njia panda akina mama walitugawia wali umefungwa kwenye majani, wa moto, wenye harufu ya maua. Saulo alisema akifa azikwe hapo, lakini baada ya kula.

Jailos ni Mnyakyusa, na habari ya mama mkwe wangu ilimkaa kooni kama mfupa.

"Hebu nieleze tena," alisema. "Kwetu ni mke anayemkimbia baba mkwe. Dada yangu alishawahi kuingia mtoni na mtungi wake kumkwepa mkwewe, akakaa majini mpaka mzee akamaliza kuogesha ng'ombe. Hiyo ni adabu. Sasa mwanaume mzima, kipa, unamkimbia mwanamke?"

"Simkimbii. Nampisha."

"Na akija uwanjani?"

"Mkwe wangu mpirani atafuata nini? Ana makapu yake ya kusuka."

"Tadeo, nasikia baridi."

"Vaa sweta, ndugu yangu. Adabu ya Wahehe haijawahi kumfungisha mtu goli."

Maneno hayo Jailos ameyahifadhi hadi leo. Huniwekea mezani nikimtembelea, kabla hata ya chai.

Uwanja wa Iringa ulikuwa umekauka, nyasi za manjano, upepo wa Julai unaviringisha vumbi jekundu. Nyuma ya goli moja palikuwa na mikaratusi, na wanawake wamejaa chini yake na nguo zao za rangi. Na kwenye kona ya upande huo huo ilikatiza njia ya miguu, ya zamani kuliko uwanja, kuliko shule, kuliko mpira wenyewe. Watu wa pale walipita tu, na kuni zao, na ndoo zao, mechi au si mechi. Refa hakupiga filimbi kwa ajili yao wala wao hawakumwomba radhi.

Saulo alifunga kipindi cha kwanza. Sitaueleza mpira ule. Ulitoka mguuni kwake taratibu kama mtu anayeaga, ukaingia. Kipindi cha pili mimi nikahamia goli la mikaratusi. Nilisikia wanawake nyuma yangu wakicheka na kuitana, harufu ya majani ikinishukia, jua limelala chini na kila mtu uwanjani ana kivuli kirefu kuliko ukoo wake. Iringa walishambulia. Nilidaka. Walirudi, nikadaka tena. Mikono yangu ilifika kabla yangu. Nakumbuka nilifikiri, kwa utulivu kabisa: hivi ndivyo ilivyo, tutazeeka hatujashindwa, na Rozalia atanisongea ugali.

Zilibaki dakika chache. Winga wao alichomoka upande wa kulia, Jailos anamkimbiza. Upepo ukainua vumbi, uwanja ukawa mwekundu na laini, kama ukungu wa kwetu uliopakwa rangi. Nikasubiri kitu kitoke humo, kama nilivyosubiri mwaka mzima.

Kilichotoka ni kapu.

Lilitoka kwenye njia ya miguu, hatua kumi kutoka goli, kichwani kwa mwanamke. Uso sikuuona, nilishatupa macho pembeni. Lakini niliona michoro myekundu inayopanda, ngazi juu ya ngazi, hadi mdomoni.

Ningekuambia nilifikiri, ningekuwa nakudanganya. Mwili uliondoka wenyewe. Nilitoka golini hatua tatu za adabu, nikageuka, nikampa mkwe wangu mgongo, mikono imekunjwa mbele, kichwa chini. Nilisikia upepo ukipita juu ya mikaratusi. Niliona haya, na nilijiona mtu mwema sana.

Halafu nikainua kichwa.

Mbele yangu, karibu kabisa, alisimama mwanamke mwenye kitambaa cha njano kichwani, mkono mdomoni, macho yamejaa kicheko. Alikuwa na uso mzuri, uso unaoujua bila kuujua. Tukatazamana. Mimi nimelelewa, mtu mzima akikutazama unamsalimu.

"Kamwene, mama," nikasema.

Hakuitikia. Na ubavuni pake nikamwona Rozalia, amejifunika macho kwa viganja vyote viwili.

Nyuma yangu mpira ukaingia golini, pole pole, kama mtu anayeingia nyumbani kwake.

"Tadeo!" Hiyo ilikuwa sauti ya Jailos. "Tadeo, unasali?"

"Nilikuwa nampisha mkwe."

"Mkwe yupi?"

Nikamwonyesha mwenye kapu bila kumtazama. Yeye alishasimama, mikono kiunoni.

"Kijana, mbona unanipa mgongo?" aliuliza. "Nimekuwa mchawi?"

"Mama, kapu hilo..."

"Nimelinunua kwa Lusia, jana. Yote huyasuka hivi hivi, ngazi nyekundu. Yupo hapo nyuma yako, muulize, anaweza kukusukia na wewe."

Kumbe nusu ya Iringa ilibeba ngazi nyekundu. Na Lusia ndiye mkwe wangu mwenyewe, yule wa kitambaa cha njano, ambaye kwa kuwa sikuwahi kumtazama usoni nilimjua kwa kapu tu.

Mechi ikaisha sare, goli moja kwa moja. Mwalimu Filemoni alisimama katikati yetu, akavua kofia, akalitamka neno lenyewe kwa mara ya kwanza: "Hatujashindwa." Mechi kumi na moja. Watu walipaswa kuruka. Walinitazama mimi. Mimi nilitazama mikaratusi, na chini yake hapakuwa na mtu tena. Kilichobaki ni kivuli, na Timotheo amesimama ndani yake, kidole kimenielekea.

"Umemtazama!" alitangaza. "Mbele ya watu wote! Kesho baada ya misa, wewe na mjomba wako. Na mje na kamba ya kufungia posa!"

Mjomba Edmund ndiye aliyekuwa dereva wa lori letu, kwa hiyo hakukuwa na pa kumficha.

Jumapili tulikwenda watatu. Jailos alijiunga bila kualikwa. "Nataka nimwone mtu aliyeninyima ushindi wa kumi na moja," alisema. Lakini njiani aliniazima viatu vyake vya kanisani, na yeye akatembea pekupeku, kwa hiyo nikajua moyo wake uko wapi. Vilinibana. Barabara ilipita kati ya mashamba ya mahindi yaliyovunwa, kengele ya misioni inalia kwa mbali, na kila kitu kilikuwa kizuri kwa namna ya kitu ambacho unakitazama mara ya mwisho.

Timotheo alitukaribisha uani kwake. Alikuwa na vigoda viwili: kimoja amekikalia, kingine ameweka miguu. Sisi tulionyeshwa gogo. Karibu na jiko bibi mmoja mkongwe alikaa chini, juu ya gunia, anaambua maharage. Alikuwa mama wa mke wake Timotheo. Nyuma ya ukuta wa matete nilisikia milulu ikivutwa na kukazwa, krr, krr. Sikuhitaji kuuliza nani anasuka. Niliyatazama magoti yangu.

"Maneno hayana haja ya kuwa mengi," alisema Timotheo, kisha akasema mengi. Alieleza ulezi. Alieleza jogoo. "Na jana amemtazama mkwewe macho kwa macho, akamsalimu kama anamsalimu muuza viazi! Edmund, mpwa wako hana haya."

"Mzee mwenzangu," alisema mjomba, "mtu asiye na haya angebaki golini. Huyu aliondoka kwa ajili ya haya."

"Aliondoka kwa ajili ya kapu!"

"Alidhani kapu lina mwenyewe."

"Na huyo mkwe, alifuata nini mpirani?" Jailos akadakia. Mjomba alimkanyaga mguu, akasahau kwamba hana kiatu.

Bibi mkongwe alicheka na maharage yake. Sauti ya Rozalia ikatoka nyuma ya matete, haraka, kabla mtu hajamzuia:

"Mimi ndiye niliyempeleka mama. Nilimwambia twende tukae nyuma ya goli, ndipo salama. Kipa hatazami nyuma."

"Wewe nyamaza!" Timotheo alinguruma. "Edmund, nisikilize. Huyu kijana alipewa goli alilinde, hakulilinda. Wenzake kumi walimwamini, akawaacha, akaenda kusimama chini ya miti kama mtu anayesubiri basi. Mtu aliyeacha goli wazi ataiacha na nyumba wazi. Mtoto wangu simpi."

Kwa kweli hoja ilikuwa nzito. Hata mimi ningemnyima. Nilivua kofia kwa adabu ya kuaga, na ile barua iliyokunjwa mara nane ikaanguka vumbini, ikalala hapo, nyeupe. Hakuna aliyeiokota.

Jailos akasimama. "Mzee, goli lile lilikuwa letu," alisema. "Mwenye kukasirika ni mimi, na hasira yangu itaishia Ijumaa ijayo. Tumecheza mechi kumi na moja na hatujashindwa, na katika zote huyu ndiye aliyekuwa nyuma yetu. Mimi ningekuwa na dada ningempa."

"Unaye dada!" alisema mjomba kwa mnong'ono.

"Aliolewa," Jailos akajibu kwa mnong'ono.

"Nimeshasema simpi!" Timotheo akapiga kigoda kwa kisigino. "Mtu anaacha goli kwa ajili ya mwanamke asiyemjua! Kuna ujinga kuzidi huo? Kuna mtu anaweza kuniambia nina haja gani na mkwe wa namna hiyo?"

Nyuma ya matete ile krr, krr ikakoma. Nilisikia kapu likiwekwa chini. Mama mkwe wangu, ambaye hadi siku ile sikuwahi kuisikia sauti yake, alisema pole pole, kama anayemalizia msuko:

"Shemeji, huyu kijana amemwachia goli zima mama asiyemjua hata jina. Wewe mama mkwe wako unamjua mwaka wa ishirini huu, na hujamwachia hata hicho kigoda cha miguu."